Tangazo la Tatu

Mara ya kwanza Wino aligonga mlango kwa kifundo cha kidole, kama mtu mwenye adabu zake. Mara ya pili aligonga kwa kiganja. Mara ya tatu alivua kiatu akagonga kwa kisigino, na muuza magazeti aliyekaa ng'ambo ya barabara akalikunja gazeti lake ili aone vizuri mambo yanavyokwenda.

"Nasikia mashine, Fundi," alisema Wino, mdomo ukiwa karibu na ufa wa mlango. "Mtu asiyekuwepo hasugui meno."

Mashine ikazimwa. Mlango haukufunguliwa.

Wino alivaa kiatu chake, akaegemea ukuta na kuhesabu hadi ishirini, kwa sababu mchungaji aliwahi kuwafundisha kwamba mchumba mwenye hasira ahesabu hadi ishirini. Alipofika kumi na mbili akaona mchungaji hajawahi kuchumbiwa na fundi wa meno ya bandia.

Tangu Jumapili alikuwa ameandika ujumbe mara kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa alijibiwa neno moja: *Nipo.* Unaendeleaje? Nipo. Umekula? Nipo. Tafadhali zungumza nami. Nipo. Kama mwanafunzi anayeitikia mahudhurio darasani. Na leo ilikuwa Ijumaa, saa nne na robo asubuhi. Katika kanisa lao ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, lakini tangazo la tatu halisomwi mpaka wachumba wote wawili wafike ofisini kwa miguu yao na kutia sahihi katika kitabu. Siku ya mwisho ni Ijumaa, na saa sita kamili katibu hufunga mlango, mvua inyeshe au isinyeshe.

Chanzo cha yote kilikuwa katibu huyohuyo. Alikuwa mzee mnyoofu, mwenye sauti moja tu kwa kila jambo: harusi, msiba na mwavuli uliosahauliwa alivisoma vivyo hivyo. Jumapili iliyopita alisoma tangazo la pili la ndoa yao, watu wakapiga makofi, na makofi hayajaisha akageuza karatasi na kuendelea: "Tumwombee pia ndugu yetu huyohuyo, ambaye amepatwa na ugonjwa wa huzuni. Hali, halali, na asubuhi hawezi kushuka kitandani."

Vichwa mia tatu viligeuka. Fundi alisimama, akakiweka kitabu cha nyimbo mahali pake, akawaomba radhi mmoja mmoja watu wa benchi lake, akatoka.

Na karatasi ile ilikuwa na mwandiko wa Wino. Hilo ndilo lililomnyima amani. Katika kundi la maombi la akina mama kulikuwa na utaratibu wa miaka mingi: kila mmoja huandika hitaji lake kwenye kikaratasi, vikaratasi huchanganywa kikapuni, kila mmoja huchukua kimoja na kukiombea kwa siri wiki nzima, kisha hukichoma. Majina hayakulazimika kuandikwa. Wino aliandika jina, tena na la ukoo, kana kwamba Mungu alihitaji anwani kamili. Kikaratasi kikaangukia mikononi mwa shangazi yake. Shangazi akaona mzigo ule ni mkubwa mno kwa mwanamke mmoja, na kwa mapenzi yake yote akampelekea katibu ili kanisa zima lisaidie kuubeba.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na la kusema. Shangazi alipanga mfungo wa siku saba na kumtaka Wino amwambie mchumba wake achague kati ya daktari na Mungu, utadhani wawili hao waligombana. Kiongozi wa kwaya alieleza kuwa tatizo ni kukaa ndani. Jirani alikuwa na binamu aliyepona kwa kukimbia. Na baba yake Wino, mzee wa kanisa, mtu wa meno meupe na maneno machache, alitamka kwamba tangazo la tatu lisubiri mpaka "huyo kijana" awe sawa. Awe sawa lini, hakuna aliyejua.

Kufuli likalia. Mlango ukafunguka kiasi cha uso mmoja.

"Utavunja kiatu," alisema Fundi.

Alikuwa amekonda. Vifungo vya shati havikulingana na matundu yake, na nywele zilikuwa na vumbi jeupe la plasta. Wino alimtazama, na moyo wake ukafanya kile ulichokuwa ukifanya tangu siku ya kwanza alipomleta bibi yake kupimwa meno, ukalegea. Jambo hilo lilizidi kumuudhi. Haikuwa siku ya kulegea.

Aliingia bila kukaribishwa. Karakana ilikuwa chumba kimoja chembamba chenye dirisha kubwa, na rafu zilijaa taya za plasta, kila moja na kikaratasi chake cha jina kikiwa kimegeuzwa ukutani. Palinuka nta iliyoyeyuka. Mezani palikuwa na ufizi wa bandia wa rangi ya waridi uliong'arishwa nusu.

Siku tano nzima alikuwa ameiandaa radhi yake. Aliipanga kama anavyopanga kurasa kule kwenye kiwanda chao cha uchapaji, kichwa juu, aya zikifuatana, nafasi za kutosha pembeni. Lakini alipofungua mdomo, ilitoka kama mashtaka. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyeandika, ndiyo, alikosea, ndiyo, lakini mtu anayejibu neno moja siku tano hampi mwenzake hata pa kutubia. Alimwambia amechoka kutetea, kule nyumbani na hapa mlangoni, tena mbele ya muuza magazeti. Fundi alisikiliza huku akizungushazungusha ufizi ule vidoleni. Kisha, kwa upole uliomchoma Wino kuliko makelele, akamwambia aende ofisini peke yake amwambie mchungaji tangazo la tatu lisisomwe. Alikuwa amelifikiria sana. Yeye Wino bado mdogo, anastahili mtu anayeamka asubuhi.

"Umelifikiria na nani?"

"Peke yangu."

"Ndiyo maana limetoka hivyo."

Fundi alitaka kutabasamu, tabasamu likakataa. Akaketi kwenye kiti chake kirefu.

"Nilikwambia wewe, Wino," alisema. "Sikuliambia kanisa. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ningeweza kumwambia kwamba natazama ukuta tangu asubuhi na sijui kwa nini nalia. Nikamwambia. Jumapili nikasikia maneno yaleyale niliyokwambia, na waliosimama nyuma kwa kukosa viti waliyasikia pia."

Wino alitazama vidole vyake, vilivyompa jina lile tangu utotoni kwa kuwa havikuwahi kukosa doa jeusi.

"Niliogopa," alisema hatimaye. "Nilikuombea mpaka magoti yakafa ganzi, na hakuna kilichobadilika. Nikadhani maombi yangu hayana nguvu. Nikatafuta wa kunisaidia."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikubali. "Lakini ningekuwa nimeulizwa."

Nje muuza magazeti alikuwa akikohoa kikohozi cha mtu asiyesikia vizuri. Wino alimuuliza Fundi swali lililomkaa kooni wiki nzima, lile alilokuwa akiogopa jibu lake: kama bado anaomba.

Fundi aliuweka ule ufizi mezani. "Si kama zamani. Maneno hayaji. Nikifungua Biblia, mistari inanipita kama magari. Basi asubuhi, kabla sijajua kama nitaweza kuinuka, namwambia Mungu: nipo. Hilo tu. Siku nyingine nalisema mara moja, siku nyingine hata mara hamsini. Na mpaka leo Yeye hajaniambia halitoshi."

Wino alihisi uso unamwaka. Kumi na tisa. Kumbe kila alipomwandikia, alikuwa akipewa sala yote aliyokuwa nayo mtu huyu, naye alikuwa akiitupa simu kitandani kwa hasira.

"Na mimi ulikuwa unaniambia hivyohivyo," alisema.

"Sikuwa na jingine."

Aligeuka haraka kutafuta kitambaa cha kufutia macho, maana hakutaka kulia kabla ugomvi haujaisha. Alivuta droo iliyokuwa karibu. Ndani mlikuwa na visanduku vidogo vya meno, vimepangwa kwa rangi, kutoka meupe ya vijana hadi ya manjano ya wavuta sigara. Katikati yao, kama jino la ziada, palikuwa na kipakiti cha vidonge. Alikijua. Alikuwapo siku daktari alipoeleza kwamba hali ile inaitwa sonona, kwamba inatibika, kwamba dawa ni moja kila siku bila kuruka na isiachwe bila kumwambia. Kufikia leo kipakiti kilipaswa kuwa kitupu. Kilikuwa bado na vidonge tisa.

"Hivi ni nini?"

"Wino."

"Nakuuliza. Siku tisa? Nani kakwambia uache?"

Fundi alitazama sakafu. Maneno yalitoka vipandevipande: kile chakula cha mchana nyumbani kwa akina Wino, Jumatano ya wiki iliyopita, baba yake Wino aliposema mezani kwamba mtu wa imani haegemei vidonge. Alitaka wampokee. Alidhani akiweza kukaa bila dawa mpaka siku ya harusi, mzee angeridhika.

Wino alikaa kwenye sanduku la plasta. Alimkasirikia baba yake, akamkasirikia huyu mpumbavu mpenzi, akajikasirikia mwenyewe aliyekuwepo mezani siku ile na kuomba apitishiwe chumvi. Kisha, kwa kuwa hasira bado ilibaki, akamtazama Mungu juu ya dari na kumuuliza kimoyomoyo kama kweli anaona.

Wakati huohuo mlango wa nyuma ukasukumwa, na mtu akaingia kwa mwendo wa mwenyeji, leso ikiwa mdomoni. Rafu ilimkinga Wino. Mtu yule alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha wateja, akaketi, akashusha leso na kuweka kiganjani safu nzima ya meno ya juu.

"Thundi," alisema, "haya yananithinya tena."

Wino alisimama. Baba yake alimwona. Mashavu yalikuwa yamebonyea, mdomo umeingia ndani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Wino aliona jinsi anavyofanana na bibi.

"Baba?"

Mzee wa kanisa alirudisha leso, lakini ilikuwa imeshachelewa kufanya kazi yake. Fundi peke yake alijua la kufanya: aliyachukua meno yale, akayaosha, akamwinamia mzee na kumwomba afungue mdomo, akaipapasa fizi kwa kidole mpaka akapata mahali palipovimba, akaweka alama ndogo ya penseli na kurudi kwenye mashine. Alisaga kidogo, akapuliza, akasaga tena. Mikono iliyoshindwa kufunga vifungo vya shati haikutetemeka hata kidogo.

Wino alimuuliza baba yake ni tangu lini. Miaka mitatu, alijibu kwa taabu. Alianguka bafuni, akaona haya kusimama mbele ya watu kusoma Neno akiwa na pengo. Hakumwambia mtu, hata dada yake. Hasa dada yake.

Miaka mitatu. Wino aliikumbuka ile Jumatano: baba yake akitafuna nyama kwa meno meupe huku akieleza habari za watu wasio na imani, na huyu aliyeyachonga meno yale moja baada ya jingine akitazama sahani yake na kusema, "Ndiyo, mzee." Siri ile hakuitoa. Si pale, si baadaye, si hata kwake Wino, mchumba wake. Na yeye alipewa siri moja, akaitia kikapuni.

Alionyesha kile kipakiti cha vidonge. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Baba, meno yako yalipotoka, uliomba yaote?"

Mzee alimtazama bintiye, kisha akaitazama mikono ya Fundi, kisha akatazama leso yake.

"Niliomba," alisema. "Kisha nikaja hapa."

Fundi alimrudishia meno. Mzee aliyavaa, akauma mara mbili, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa yamekaa. Uso ulirudi kuwa uso wa mzee wa kanisa, ila macho hayakurudi. Alisimama, akaelekea mlango wa nyuma, akasita mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Kunywa dawa yako, mkwe," alisema bila kugeuka. "Shangazi yenu niachieni mimi."

"Utamwambia nini?" aliuliza Wino.

"Sijui. Nitajua nikifika."

Alipotoka, Wino alimkabidhi Fundi simu yake na kusimama mbele yake mikono kiunoni mpaka alipompigia daktari. Muuguzi aliyepokea alimgombeza kidogo, akamweka asubiri, kisha akarudi na maelekezo ya daktari ya jinsi ya kuanza tena, na kumtaka afike Jumatatu asubuhi bila kukosa. Fundi alimeza kidonge kwa maji ya bomba. Wino akavifungua vifungo vya shati lake na kuvifunga upya, kimoja baada ya kingine, kwa ukali kama anamvalisha mtoto mkorofi. Kufikia cha mwisho mikono yake ilikuwa imepunguza ukali yenyewe.

"Sitapona kufikia Jumapili," alisema Fundi. "Wala kufikia harusi. Pengine kutakuwa na asubuhi nyingi mbaya. Ujue."

"Najua. Nitaudhika, nawe ujue."

"Hilo najua."

Saa sita kasoro dakika ishirini na tano walitoka. Muuza magazeti aliwapungia mkono kana kwamba amelipia tiketi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye ngazi za kanisa. Zilikuwa ngazi saba tu. Kwenye ya tatu Fundi alisimama, akashika ukuta, na pumzi ikaanza kumtoka fupifupi kama mtu aliyekimbia. Jasho lilimjaa shingoni. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, mabenchi yakionekana ndani, na Wino akaelewa kwamba machoni pa mwenzake vile vichwa mia tatu bado vilikuwa vimegeuka.

Saa sita kasoro kumi na mbili. Alitamani kumvuta mkono. Alitamani kumsukuma kwa nyuma. Alitamani mara moja tu, katika mwaka huu mzima, jambo moja liwe jepesi.

"Nenda wewe," alisema Fundi. "Siwezi."

"Wanataka wawili."

"Basi wewe nenda tu nyumbani."

Wino aliketi kwenye ngazi ya tatu, akavuta sketi na kumwachia nafasi. Baada ya muda Fundi naye akaketi. Mkono wake ulikuwa baridi kama jiwe. Wino aliushika, akafumba macho na kuomba kwa sauti, bila kupanga chochote.

"Mungu, tuko hapa nje. Zimebaki dakika kumi na moja. Mimi sina maneno, na huyu hana pumzi. Amina."

Haikuwa sala ya kumpeleka mtu mimbarini. Hakuna muujiza ulioshuka. Lakini Fundi alitoa kitu kilichofanana na kicheko, na pumzi iliyofuata kicheko ilikuwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia, na nyingine ndefu kuliko hiyo.

Katibu alitokea mlangoni na funguo mkononi, chombo cha chakula kwapani. Aliwaona akasimama. Wino alimweleza kwamba wamekuja kutia sahihi. Katibu alisema kitabu kipo ofisini. Wino akasema mwenzake hawezi kupanda leo. Katibu akaanza kueleza kwamba, kwa utaratibu, kitabu hakitoki ofisini, hakijawahi kutoka tangu yeye akabidhiwe. Wino hakuhesabu hadi ishirini. Alimtazama tu, kwa uchovu wa siku tano na wa mwaka mzima, na mzee yule akaziacha sentensi zake njiani, akageuka, akarudi ndani.

Alipotoka alikuwa amekikumbatia kitabu kwa mikono miwili. Alikifungua kwenye ngazi, akapiga goti moja kwa shida, akatoa kalamu. Wino alitia sahihi. Fundi alitia sahihi, herufi zikapanda na kushuka, lakini zilisomeka.

"Nilisoma nilichopewa," alisema katibu kwa sauti yake ileile ya matangazo, akikausha wino kwa kiganja. Kisha sauti ile ikapasuka kidogo. "Ningekuuliza kwanza, mwanangu. Nisamehe."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Na ile orodha ya wagonjwa tunaowaombea," katibu aliendelea, akichomoa karatasi kitabuni, "nikufute?"

Fundi alitazama mlango wa kanisa kwa muda, pumzi zake zikiwa bado zina mashaka.

"Niache," alisema. "Ila andika kwamba nimeomba mwenyewe." Akaubana mkono wa Wino. "Na kama ukipenda, umwandike na huyu. Amechoka."

"Mimi?" alisema Wino. "Mimi siumwi. Nani kasema mimi nimechoka?"

Katibu alikuwa ameshaiweka kalamu kwenye karatasi. Lakini safari hii hakuandika. Aliiinua, akamgeukia Wino, akasubiri aseme mwenyewe.

Wino alitafuta neno kali, kwa kuwa yalikuwa mengi wiki ile, asipate hata moja. Alijipangusa shavu, na kidole kikaacha doa jeusi.

"Andika," alisema.